Nyumba Moja, Tovuti Moja

Tarehe mosi Machi barabara kuu ya jiji la Plovdiv haipitiki. Meza za martenitsa zimejaa pande zote mbili, na kila mtu ananunua nyuzi nyekundu na nyeupe za kuwafunga wenzake mkononi, wazivae mpaka waone korongo wa kwanza au mti uliochanua. Zlatina, ndani ya koti lake la rangi ya haradali, alikuwa amebanwa na mwanamke mwenye mkoba mkubwa aliposikia mwanamume akigombana na muuzaji.

"Mama, huyu korongo wako umemchora miguu myeusi."

"Kwa hiyo?"

"Korongo ana miguu myekundu. Huyu amekanyaga makaa?"

"Wewe unanunua au unakagua?"

Zlatina alicheka mpaka watu wakageuka. Maneno hayo ya makaa aliyajua. Alikuwa ameyasoma zaidi ya mara moja, kwenye tovuti aliyoifungua kila jioni kabla ya kula.

"Wewe ni Lyuben," alisema. "Wa Kiota cha Mnara wa Maji."

Mwanamume aligeuka. Alivaa jaketi la kazi la buluu, sweta la kufumwa lenye kiraka kwenye kiwiko, na buti zenye tope la shambani. "Na wewe ni nani, unayenijua hata kabla hatujatambulishana?"

"Jirani yako. Zlatina."

"Mwenye duara!" Lyuben alishika kifua. "Mbona nilikudhania bibi wa miaka sabini? Kanuni zako ukizisoma unasikia mtu anakohoa."

Kila siku mchana Zlatina alitengeneza meno ya bandia kwenye karakana ya nyuma ya kliniki. Jioni alilitunza Duara la Korongo. Lilikuwa na tovuti ishirini na kitu, kila moja ya mtu wa kawaida anayeandika habari za kiota cha kijijini kwake. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na mishale miwili, wa nyuma kwa jirani wa nyuma, wa mbele kwa jirani wa mbele. Ukiendelea kubonyeza, unazunguka viota vya nchi nzima na kurudi ulikoanzia. Mshale wa mbele wa Zlatina ulikwenda moja kwa moja kwa Lyuben.

"Kanuni zangu zina ubaya gani?" aliuliza.

"Hazina. Nyumba moja, tovuti moja. Naikumbuka hata usingizini."

"Ilibidi. Yule bwana wa Ruse alileta yake, ya mkewe na ya mama mkwe, zote picha za kiota kilekile. Msomaji anabonyeza mshale, anabonyeza tena, kumbe bado yuko sebuleni kwa yule bwana!"

Lyuben alinunua martenitsa mbili zisizo na korongo yeyote, akamfunga Zlatina moja mkononi taratibu kama mtu anayefunga kidonda, naye Zlatina akamfunga ya pili. "Ukimwona korongo kabla yangu usivue. Nisubiri."

"Na wewe ukimwona kwanza?"

"Nitafumba macho mpaka ufike."

Simu zikaanza. Lyuben alimpigia akiwa juu ya trekta, akiwa kwenye foleni ya mkate, akiwa hana la kusema.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Supu ya maharage."

"Peke yako?"

"Na meno kumi na manne ya mzee mmoja. Yako mezani yananitazama."

"Nina wivu na hayo meno."

Jumapili moja alimpeleka nyumbani kwao kijijini. Mama yake aliweka mezani banitsa ya moto, mkate wa tabaka wenye jibini, na ajvari, rojo la pilipili alizochoma mwenyewe. Kisha Lyuben akamwonyesha Zlatina picha za tovuti tangu mwanzo. Za kwanza alizipiga baba yake, kila masika kutoka dirisha lilelile, mpaka masika aliyofariki. Mwanawe akaendelea. "Baba yuko humu," alisema.

Mama alikuwa hana subira. "Na harusi lini?"

Zlatina alirudisha kipande cha banitsa sahanini. "Mama, bado tunajuana kwanza," alisema, akicheka kwa aibu. Mama naye akacheka. Lyuben hakucheka. Alitazama mnara wa maji dirishani kama mtu anayepiga hesabu.

Jumatano, wakati wa mapumziko, Zlatina alikuta taarifa kwenye barua pepe ya duara. Kiota cha Mnara wa Maji kimejitoa. Hakukuwa na sababu wala kwaheri. Kitufe cha kujitoa hakijibonyezi chenyewe.

Aliketi na gauni lake jeupe la kazi likiwa na vumbi la plasta. Kwa hiyo ni lile jibu la mezani, aliwaza. Mtu amemtoa hata marehemu baba yake kwenye duara ili asikae jirani nami! Akafuta jina la Lyuben, akaunganisha mshale wake wa mbele na tovuti ya Bibi Pavlina wa Silistra, karani mstaafu wa posta. Lyuben alipopiga jioni ile, hakupokea. Alipopiga kesho yake, aliigeuza simu kifudifudi. Hapo alikosea, na kiburi chake hakikumruhusu kuligundua hilo.

Jumamosi akapiga Bibi Pavlina.

"Wee msichana, mbona watu wako wanatua kwangu? Yule kijana wa mnara yuko wapi?"

"Amejitoa, bibi."

"Kwa nini?"

"Hanitaki."

"Amekwambia hivyo?"

"Amebonyeza kitufe."

"Mwenzangu, mimi nimepokea simu za watu miaka thelathini. Mtu asiyekutaka hapigi tena. Huyu amepiga?"

"Mara mbili," alikiri Zlatina.

"Amepiga. Sasa niambie, kwenye duara lako mtu mwenye tovuti hulazimika kuitoa lini?"

"Mishale ikikatika. Au picha zikiwa za wizi. Au... au akihamia nyumba ambayo tayari ina tovuti."

"Enhe," alisema Bibi Pavlina. "Vaa koti."

Treni ya mchana ilimshusha kijijini. Alimkuta Lyuben chini ya mnara wa maji, akifunga ngazi, martenitsa bado mkononi, imechafuka grisi.

"Umekuja kunifuta mara ya pili?" aliuliza bila kugeuka.

"Ulijitoa mwenyewe!"

"Nilijitoa asubuhi ili nikwambie jioni. Jioni hukupokea."

"Uniambie nini?"

"Kwamba nataka tukae nyumba moja." Aligeuka, macho mekundu. "Nyumba moja, tovuti moja. Yako ndiyo inayoshika duara, kwa hiyo yangu itoke. Nilidhani utaelewa papo hapo. Kanuni si yako?"

"Lyuben! Nani anaposa kwa kujitoa?"

"Mtu aliyeona ulivyomfukuza bwana wa Ruse bila huruma."

Zlatina alitaka kucheka, lakini machozi yalitangulia. "Na picha za baba yako?"

"Zingebaki kwangu. Hakuna ambaye angezifikia, lakini zingebaki."

"Hapana." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Kanuni niliandika mimi kwa sababu ya mtu mmoja mjanja. Leo naliomba duara lote tuifute. Kiota chako kinarudi pale pale, mbele ya changu. Tukae nyumba moja, tovuti mbili."

"Wakikataa?"

"Watafute mtunzaji mwingine. Hayo meno yangu yananitosha."

Lyuben aliiachia ngazi. "Hiyo ni ndiyo?"

"Nimepanda treni ya mchana, na leo ni siku yangu ya kufua. Unataka nini tena?"

Akamkumbatia, grisi na yote. Kutoka dirishani mama alipiga kelele, "Korongo! Nyie, korongo!" Juu ya mnara ndege mrefu alikuwa ametua, miguu myekundu, akigongesha mdomo wake kwa sauti kubwa. Wao ndio waliokuwa wa mwisho kijijini kumwona.

Walifunguana nyuzi, na kama ilivyo desturi wakazifunga pamoja kwenye tawi la mti wa plamu uani.

"Na ukija kunifuta tena?" Lyuben aliuliza.

"Nitapiga simu kwanza," alisema Zlatina. "Na wewe, kabla hujabonyeza kitu chochote, tumia mdomo."