Pumzi ya Ukutani

Habari hii nilipewa na Rahima wa Mnyambe, msimu wa baridi wa mwaka jana, tukimenya mihogo uani kwake. Mama mkwe wake, Bi Stamili, alikuwa amekaa hapo hapo. Rahima akikosea, yeye anamsahihisha.

Mume wa Bi Stamili, mzee Mahmudu, alikuwa ameshafariki. Bi Stamili alilala peke yake chumba cha nyuma ya jiko. Kila jioni Rahima alipika ugali wa muhogo. Makaa yaliyobaki hayakumwagiwa maji. Huku kwetu Newala maji ni ya shida, nani ayamwagie moto? Bi Stamili aliyazoa kwenye kigae cha chungu, akayaweka karibu na kitanda. Kisha akaziba dirisha kwa gunia, baridi isiingie. Kuku na vifaranga walilala humo humo kwa kuogopa kicheche.

Asubuhi moja alisema, "Mahmudu alikuja. Alisimama mlangoni, akaniita."

"Ulimwona, Mama?"

"Kama ninavyokuona wewe. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Na sasa kichwa kinapasuka."

Akaja tena, na tena. Bi Stamili akaanza kugawa vitenge vyake.

"Ninaitwa, mwanangu. Si vizuri kumkawiza mtu."

Rahima aliogopa kwamba siku moja atafungua mlango asimkute hai.

Kisha asubuhi nyingine kuku alikutwa amekufa. Hapakuwa na damu wala jeraha. Mabawa yake yalikuwa bado yamewafunika vifaranga, nao wamekufa.

"Ameanza na kuku," alisema Bi Stamili akiyumba. "Hata alipokuwa hai, hakuwa mtu wa kumwacha kuku."

Rahima alimwita jirani yao Shamsia, fundi wa majiko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Shamsia aliondoa gunia dirishani. Akamtoa Bi Stamili nje penye hewa, kisha akakitoa kigae.

"Mama, kuku ameuawa na haya makaa. Yanatoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu. Chumba kikizibwa, inakulevya. Kichwa kinauma, miguu inalegea, unaona watu. Mwisho huamki. Ukiona dalili hizo, toka nje upesi, uende zahanati."

"Kwa hiyo Mahmudu wangu ni makaa?"

"Habari za mzee sizijui. Ninachosema, makaa yasiingie chumbani."

"Na baridi je?"

"Hiyo niachie mimi."

Siku hiyo hiyo walimpeleka zahanati. Alipopata nafuu, Shamsia alitengeneza jikoni kwao jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Akalivika jiko gamba la bati. Kati ya jiko na gamba hupita hewa safi ya kutoka nje, nayo hupata joto. Kifeni cha betri ya sola huisukuma hewa hiyo kwenye bomba la pili, linalopenya ukuta mpaka chumbani. Moshi na hewa hiyo havikutani.

Jioni ya kwanza walikuwa wanakula uani, na kuni za kupasha chumba joto ndiyo kwanza zinashika moto jikoni. Bi Stamili aliingia chumbani kuchukua shuka. Kulikuwa kimya. Ghafla ukuta ukaanza kuhema. Pumzi ya vuguvugu ikamgusa shingo.

Alitoka bila shuka. "Amehamia ukutani," alisema.

Shamsia alimshika mkono, akampeleka jikoni. Alimwonyesha kidude kidogo kilichobanwa kwenye bati.

"Hii ni swichi ya joto. Jiko likipata moto, inawasha kifeni. Likipoa, inakizima. Hakuna anayekigusa."

"Kwa hiyo hakinijui?"

"Hakikujui, Mama. Kinajua moto tu. Dirisha usilizibe tena."

Bi Stamili alisikiliza kidogo. "Yule naye alikuwa akihema hivyo hivyo akishashiba," alisema.

Rahima alitandika mkeka chumbani kwa mama mkwe, akasinzia mapema. Ukuta uliendelea kuhema. Bi Stamili alilala macho, ameshika upindo wa kitenge kimoja alichobakiza. Jiko likapoa. Kifeni kikazima chenyewe, na kimya kikarudi, kile kile cha siku za kuitwa.

Alingoja. Upepo mdogo ulipita dirishani. Kichwa hakikuuma.

Hakuna aliyemwita.

"Basi nenda, Mahmudu," alisema polepole. "Mimi bado nipo."

Akajigeuza kuelekea ukuta wenye joto, akalala.