Zamu ya Alhamisi

Alhamisi hiyo asubuhi Verla Tuttle alikuwa jikoni anatia mapichi kwenye chupa, kama kila mwanamke wa mji wa Enosi alivyofanya kabla wajukuu hawajauza mashamba, yakaota nyumba za watu wanaolala hapa na kushinda barabarani wakienda kazini mbali. Alikuwa na miaka themanini na tatu na hakumwogopa mtu. Chupa kumi na nne alikwisha kuzifunga, zinapoa mezani.

Jirani yake Brinley, mama kijana wa kanisani kwao, aliingia bila kubisha, soksi zinachuruzika.

"Dada Verla, maji tena! Kile chumba cha chini ya ardhi. Na fundi kasema hakuna bomba lililopasuka."

"Fundi wenu hajui kupasua hata yai. Yameanza saa ngapi?"

"Saa nne kamili. Kama Alhamisi iliyopita."

Kijiko kilimponyoka Verla. Chini ya nyumba ya Brinley ulipita mfereji wa mashamba waliouchimba walowezi wa kwanza, Wamormoni, kwa mikono yao, kabla haujafukiwa. Kila familia ilikuwa na zamu yake ya maji. Alhamisi saa nne ilikuwa ya Ndugu Nisson. Mwaka wa ukame, baba yake Verla alifungulia shamba lake mwenyewe maji katika zamu hiyo. Nisson akaja juu. Jioni aliokotwa kifudifudi mferejini, kichwa kimepasuka. Verla, wa miaka tisa, aliwaambia wazee wa kanisa kwamba baba alishinda zizini. Wakamwamini. Mtoto mzuri wa shule ya Jumapili.

"Mwanao yuko wapi?"

"Amelala. Maji yalikuwa vidoleni tu, nikasema nikuite..."

"Amelala wapi, we mwana?"

"Chini."

Walikimbia. Ngazi ya tatu, maji. Mazito, ya tope. Yananuka majani ya ng'ombe, na Enosi haina ng'ombe miaka thelathini sasa. Kitanda cha mtoto kilikuwa kinaelea, kinavutwa polepole kuelekea ukutani. Brinley alijitosa. Mkondo ukamrudisha.

Mtoto alikuwa macho. Anamchekea mtu.

Hapakuwa na mtu.

"Ndugu Nisson," Verla alinong'ona. "Baba hakuwa zizini. Nilimwona na sepeto. Nilidanganya mimi. Huyu si wa kwetu, mwache."

Maji yalisimama. Kisha yakanywewa na saruji, kama na shamba lenye kiu.

Mtoto alikuwa mkavu.

"Ulikuwa unaongea na nani?" Brinley aliuliza.

"Na mwenye zamu."

Verla alirudi kwake. Sakafu ya jikoni ilikuwa kavu. Chupa zake kumi na nne zilikuwa palepale, vifuniko vimekaza kama alivyoviacha. Ndani hamkuwa na pichi hata moja. Maji ya tope, hadi shingoni. Na katika kila chupa, yalikuwa bado yanatembea, kama mferejini.