Mbithe Alikuwa Anapeleka Nini Mjini

Kila asubuhi Nzau aliamka na kwenda kwa kuku wake. Nyumba yao iko mtaa wa Kabiria, pembezoni mwa jiji, na nyuma yake kuna banda la kuku sitini wa mayai. Nzau ni fundi wa mawe, lakini kazi za ujenzi zilikuwa zimepungua. Kuku ndio walikuwa kazi yake sasa. Aliwapa chakula, akawabadilishia maji, akatia ndani ya maji unga kidogo wa dawa ili wasiugue. Dawa hiyo aliinunua mwenyewe dukani. Hakuna daktari aliyemwandikia.

Mkewe, Mbithe, alipika katika kantini ya wafanyakazi wa ofisi huko Westlands. Walikuwa na mtoto mmoja, Mwende, wa miaka minne. Mwezi uliopita Mwende alishikwa na homa na kuhara damu. Dawa ya kwanza aliyopewa haikumsaidia. Alilazwa hospitalini siku tano kabla ya kupata nafuu.

Halafu simu zikaanza.

Jumatatu jioni simu ya Mbithe ililia. Aliitazama, akatoka nje, akaongea kwa sauti ya chini. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Jumatano Nzau alisimama karibu na dirisha, akasikia.

"Hapana, mume wangu hajui," Mbithe alisema. "Sitaki ajue. Nitaileta kesho."

Alipoingia, Nzau alimuuliza, "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtu wa kazi."

"Hana jina?"

"Anaitwa Kiarie. Kwani kuna nini, Baba Mwende?"

"Hakuna kitu."

Lakini usiku huo Nzau aliiacha sahani yake nusu. Nzau alimwona huyo Kiarie akilini mwake: mtu wa ofisi, kucha safi, shati limepigwa pasi, asiyenuka kuku. Mbithe alipopaka mafuta mikononi, Nzau alijiuliza anajipaka kwa ajili ya nani.

Alhamisi asubuhi Mbithe alitoka na mfuko mdogo mweusi. Aliushika mbali na nguo yake, kwa uangalifu sana. Nzau alimwacha Mwende kwa jirani, Mama Shiku, akamfuata mkewe. Mbithe hakwenda Westlands. Alikwenda mjini, akapita mabenki na wachuuzi wa soksi, bila kugeuka nyuma. Mwishowe alisimama mbele ya mlango wa jengo moja. Mwanamume alitoka, shati lake limepigwa pasi. Alitabasamu na kunyoosha mkono aupokee mfuko.

Nzau aliunyakua.

"Wewe ndiye Kiarie?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Mke wangu anakuletea nini?"

"Baba Mwende, tafadhali usifungue," Mbithe alisema, akafunika uso.

Nzau alifungua. Ndani kulikuwa na kikopo cha plastiki chenye jina la Mbithe na tarehe. Akafungua na kifuniko. Kilikuwa kinyesi.



"Kifunge vizuri, mzee," Kiarie alisema polepole. "Halafu twende ndani tunawe mikono kwa sabuni."

Huko ndani aliwaeleza. Yeye ni afisa wa afya, na kazi yake ni kufuatilia magonjwa hadi yanakotoka. Watu tisa waliokula kantini walikuwa wamehara. Wapishi wote walipimwa choo. Katika choo cha kwanza cha Mbithe walipatikana bakteria wanaoitwa salmonela; kikopo cha leo kilikuwa cha kumpima tena.

"Lakini mke wangu si mgonjwa," Nzau alisema.

"Mtu anaweza kuwabeba tumboni bila kuhisi chochote. Akitoka chooni bila kunawa vizuri, wanapita mikononi hadi kwenye chakula."

Nzau alimgeukia mkewe. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba watu wameugua kwa chakula changu? Kwamba nimetolewa jikoni, napanga viti? Niliona aibu."

Nzau alishusha pumzi. Lakini wivu haukuisha, ulibadilika sura tu. Mtu huyu, mgeni kabisa, alijua aibu ya mkewe kabla yake.

"Mama Mwende ameniambia mtoto aliugua," Kiarie aliendelea. "Nyumbani mnafuga nini?"

"Kuku."

"Mnawapa dawa yoyote?"

Nzau alitaka kusema hapana, kwa sababu tu aliyeuliza alikuwa Kiarie. Kisha akamkumbuka Mwende kitandani, maji ya dripu yakimwingia mkononi. Akasema kweli.

Kesho yake Kiarie alifika Kabiria na daktari wa mifugo, Selpher. Walichukua kinyesi cha kuku, mayai na maji ya kunywa, wakapeleka maabara. Baada ya siku kumi na mbili walirudi.

"Bakteria wa kuku, wa mama na wale wa mtoto waliohifadhiwa hospitalini ni wa ukoo mmoja," Daktari Selpher alisema. "Na ule unga hauwaui tena. Ukiwapa kuku dawa kila siku bila ugonjwa, bakteria dhaifu wanakufa. Walio sugu wanabaki na kuzaana. Dawa ya kwanza ya Mwende ni ya jamii moja na unga wako. Ndiyo sababu haikufanya kazi."

Nzau aliketi juu ya ndoo. "Kwa hivyo ni mimi."

"Hukujua," daktari alisema. "Sasa unajua."

Kuku wale waliondolewa chini ya usimamizi wa daktari, na mayai hayakuuzwa. Nzau alichoma maranda ya mbao yaliyotandikwa bandani, akasugua banda kwa sabuni na dawa ya kuua vijidudu, akaliacha tupu kwa wiki kadhaa. Vifaranga wapya walichanjwa. Sasa ana viatu vya bandani tu, na Mwende haingii humo. Mayai wanayachemsha mpaka kiini kishikane. Kuku akiugua, Nzau humwita daktari kwanza.

Mbithe hakupewa dawa, kwa sababu mwili wake ulikuwa ukijisafisha wenyewe. Alinawa mikono kwa sabuni na kupimwa tena. Majibu mawili yalipotoka safi, alirudi jikoni.

Siku hiyo Nzau alimwambia, "Nilidhani una mtu."

Mbithe alimtazama. "Ukadhani nampelekea mapenzi kwenye kikopo?" Akacheka mpaka machozi. Kisha akafuta macho. "Siku nyingine niulize vizuri. Na mimi nitakujibu."

Jumapili moja walimwalika Kiarie chakula cha mchana. Alisema jambo fulani, Mbithe akacheka, na Nzau akahisi kitu kikimchoma kidogo. Akamtazama Mwende, aliyekuwa amemaliza sahani yake na kuomba nyingine. Nzau akachukua mwiko, akamwongezea mtoto, kisha akamwongezea Kiarie.