Cheti Kilichogoma Asubuhi

Likizo ya Juni mwaka 1998 niliimalizia zahanati, na wala sikuwa mgonjwa. Mama yangu, Tunu, alikuwa karani wa zahanati ya Daktari Kamugisha, hapa kwetu Mwananyamala. Nyumbani hapakuwa na wa kuniangalia, kwa hiyo kila asubuhi tuliongozana. Mama akifungua madirisha, mie nafagia, napanga mabenchi ya wagonjwa, kisha nafuta vumbi kwenye kompyuta. Mtaani kwetu kompyuta ilikuwa hiyo hiyo moja, na mimi, Munira wa darasa la sita, nilikuwa naigusa kila siku! Basi nikajiona mtu.

Jumatatu moja, nilipokuwa nafuta kioo chake, niliona pembeni tarakimu za saa: 8:05. Nikacheka. Ni saa mbili na dakika tano asubuhi, nayo inasema nane! Nyumbani kwetu kuna saa ya ukutani aliyoiacha babu, na babu aliitega kwa majira ya Kiswahili. Ikiwa saa mbili, mshale unasimama kwenye mbili, basi. Nikaionea huruma kompyuta. Nilishawahi kumwona fundi wake akirekebisha tarehe, nami nikabonyeza alipobonyeza yeye, nikaandika 2:05. Sikumwambia mtu.

Balaa lilianza siku hiyohiyo. Damu za wagonjwa wetu zilipimwa kwenye maabara moja ya mjini, na majibu yalirudi kwa njia ya simu mpaka ndani ya kompyuta. Saa tatu yakaingia. Mama akajaribu kuyafungua, kompyuta ikakataa na kuandika maneno ya Kiingereza kuhusu cheti. Akajaribu tena na tena. Wapi! Kwenye benchi Mzee Khalfani, seremala wa Keko, alikuwa akitetemeka kwa homa. Alingoja mpaka saa saba, daktari alipoondoka, naye akajikokota kurudi nyumbani bila dawa.

Saa nane na nusu mchana akaja Wilbert, fundi wa kompyuta. Akabonyeza mara moja tu. Majibu haya hapa!

"Dada Tunu, mashine hii inakuogopa wewe," alisema huku akicheka. Mama hakucheka.

Jumanne mambo yakawa yaleyale. Asubuhi kompyuta iligoma, mchana fundi akaja, ikafunguka. Daktari Kamugisha, aliyebaki siku hiyo kushuhudia, alivua miwani yake.

"Mama Munira, fundi akigusa inakubali, wewe ukigusa inakataa. Mbovu ni mashine kweli?"

Usiku ule Mama hakula. Kazi ile ndiyo iliyolipa kodi ya chumba chetu na kuninunulia madaftari. Mie nami sikulala, ila mimi nilikoseshwa usingizi na swali moja: kwa nini asubuhi igome na mchana ikubali?

Jumatano nilimngojea fundi mlangoni.

"Shikamoo, fundi. Hicho cheti ni cha nini?"

"Marahaba. Wewe mtoto umezidi maswali!" Lakini alivuta kiti akakaa. "Majibu ya damu ni siri ya mgonjwa, sivyo? Basi maabara huyafunga kwa ufunguo kabla hayajapita kwenye simu. Kila siku wanatumia ufunguo mpya. Ufunguo huo unakuja na cheti, kututhibitishia kuwa umetoka kwao kweli, si kwa mhuni wa njiani. Cheti kinataja saa ya kuanza kutumika na saa ya kwisha."

"Cha leo kinaanza saa ngapi?"

Akakifungua. Kilikuwa kimeandikwa 8:00.

Alhamisi nilishika daftari. Kila Mama alipojaribu, niliandika. Saa tatu, imegoma. Saa nne na nusu, imegoma. Saa sita, imegoma. Yale maneno ya Kiingereza niliyatafuta kwenye kamusi, neno moja baada ya jingine, nikapata kwamba cheti hakikuwa kibovu hata kidogo. Kompyuta ilikuwa inasema cheti bado hakijaanza kutumika. Bado! Inangoja nini? Nikakumbuka ile 8:00 ya kwenye cheti. Saa nane kasoro dakika moja nilimwomba Mama ajaribu, ikagoma. Nikahesabu mpaka sitini, nikamwomba ajaribu tena. Ikafunguka, ila daktari alishaondoka, hakushuhudia. Nikatupa macho pembeni ya kioo: 8:00.

Moyo ukanilipuka paa! Kwa maabara, nane ni asubuhi, saa mbili yetu. Kwa kompyuta niliyoichezea mimi, nane ilifika mchana. Kila siku cheti kilikuwa kinasimama mlangoni kwa muda wa saa sita nzima kikiambiwa bado mapema, na aliyekifungia mlango ni mimi.

Nilitaka kumwambia Mama, nikaogopa. Nikapanga kuwahi kesho, niirudishe saa kimyakimya, mambo yaishe. Nani angejua?

Ijumaa tulifika saa moja. Lo! Daktari Kamugisha na Fundi Wilbert walishatangulia, wako mbele ya kompyuta. Nikakaa kwenye benchi karibu na Mzee Khalfani, aliyerudi kupimwa tena. Saa tatu majibu yaliingia, na safari hii fundi mwenyewe alijaribu. Ikamgomea.

"Funguo zimeharibika, bila shaka kwa kubonyezwa ovyo," alisema. "Nafuta zote, naweka programu upya. Ila majibu ya zamani yote hayatafunguka tena."

"Futa," alisema daktari, kisha akamgeukia Mama. "Mama Munira, pole sana. Jumatatu nitatafuta karani mwingine."

Mama aliitikia tu kwa kichwa. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Fundi akanyoosha kidole abonyeze.

"Usifute!" Nilishtuka kusikia sauti yangu. "Funguo ni nzima. Mama hana kosa. Ni mimi!"

Wote wakageuka. Nikawaeleza huku nalia, daftari mkononi: saa ya babu, ile Jumatatu, neno bado, na ile dakika ya saa nane.

"Lakini tarehe niliitazama, iko sawa," alisema fundi.

"Tarehe ndiyo. Saa je?"

Daktari Kamugisha aliinama kwenye kioo. 3:10. Akatazama saa yake ya mkononi. 9:10.

"Yallah!" Mama akajishika kichwa. "Nimekaa mbele yake wiki nzima. Ni saa tatu, naona tatu, naona sawa. Si ndivyo tunavyosoma kwetu!"

Fundi akairudisha saa, akabonyeza. Majibu yakafunguka yote, ya Mzee Khalfani yakiwa ya kwanza. Safari hii fundi hakumtania mtu.

"Mama Munira, nimekukosea, nisamehe," alisema daktari. "Kazi ni yako." Kisha akaniita karibu. "Kugusa usichokijua bila kuuliza, hilo ni kosa, na wagonjwa wamelilipia. Kutafuta chanzo kwa daftari, hiyo ni akili. Lakini kubwa ni kusema. Ungeirudisha saa kimyakimya, mashine ingepona, ila jina la mama yako lingebaki na kidonda. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikatazama chini kwa aibu, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga.

Mama alinishika mkono mpaka kwa Mzee Khalfani, nimwombe radhi kwa siku aliyorudi na homa yake. Mzee akanisogezea nafasi kwenye benchi.

"Kumbe nilikuwa naisubiri saa ya babu yako ifike!" alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Nimekusamehe, mjukuu wangu. Siku nyingine uliza."

Jumatatu iliyofuata, kabla sijashika kitambaa, Mama aliniita mbele ya kompyuta.

"Soma saa."

"Inasema nane, Mama."

"Na sie tunasema?"

"Mbili."

"Haya, futa vumbi," alisema, akinipa kitambaa. "Vumbi tu."