Mtani wa Njia ya Bwawani

Cheni ilikatika mbele ya soko kuu la Morogoro, Jumamosi saa nne asubuhi, pale ambapo hakuna anayempisha mwenzake. Winfrida akaruka chini, baiskeli ikagonga ungo wa nyanya, nyanya tano zikaondoka zao kuelekea mtaroni.

"Dada!" dereva mmoja wa bodaboda akapiga kelele. "Hiyo umevaa ndoo?"

Alikuwa amevaa helmeti ya manjano, sketi ya kitenge rangi ya kahawa, na raba nyeupe. Aliziokota nyanya, akamwomba radhi mama muuzaji, akaikokota baiskeli hadi barazani kwa fundi wa karibu. Fundi aliitwa Fidelis, mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, mwenye grisi mpaka viwikoni. Aliitazama cheni kwanza, mwenye cheni baadaye.

"Unakwenda wapi na kitu kimechoka hivi?"

"Bwawani. Nafanya kazi kwenye hoteli ya kule. Bosi anataka nimtafutie njia ambazo wageni watapanda baiskeli kuzunguka bwawa. Ziwe za kupendeza na ziwe salama. Kanipa wiki tatu."

"Salama, na malori ya Iringa yale?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na kwenu ni wapi?"

"Matombo."

"Usiniambie! Mama ukoo gani?"

Akamtajia. Fidelis akaweka spana chini, akamvua ile helmeti kichwani, akajivika yeye.

"Mtani wangu! Hii imekwenda. Utaigomboa kwa soda."

Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ziko koo zenye utani wa tangu mababu. Mtani anakutukana, anakuchukulia kitu chako, anakuita mke wake mbele za watu, na huna pa kumshtaki. Winfrida alinunua soda. Alinunua mbili.

Jumapili tatu mfululizo, wakitoka misa ya kwanza, walizunguka bwawa pamoja. Fidelis aliwahi kubeba ndizi kwa baiskeli kutoka Matombo, njia mbovu hazikumtisha. Upande wa barabara kuu waliukataa siku ya kwanza, maana lori likipita linakuvuta kama karatasi. Upande wa mashamba ya mboga ulikuwa mzuri: tambarare, mchicha kushoto, maji kulia, na milima ya Uluguru mbele imejifunga wingu kiunoni. Wavuvi waliwaambia jioni viboko hupanda hapo kula majani, kwa hiyo Winfrida akaandika daftarini: mwisho saa kumi. Baada ya mashamba kulikuwa na kipande chenye mbigili tupu, hapo walipata pancha nne. Kipande hicho akakiachia nafasi nyeupe.

Usiku walipigiana simu, na maneno yalikuwa yale yale.

"Mke wangu, umekula?"

"Nimekula, mume mbaya wewe. Umeoga?"

"Grisi haitoki. Njoo unisugue."

"Nitakusugua kwa msasa."

Winfrida alikuwa na miaka thelathini na moja. Miaka mitano nyuma aliwahi kushonewa gauni, wageni wakaalikwa, bwana harusi akahamia Ngerengere bila kuaga. Matombo nzima ilimcheka. Hakutaka kuchekwa mara ya pili, na mtu wa kutaniana naye alimfaa, maana hakuna ahadi.

Jumapili ya tatu, wakiziba pancha, Fidelis alisema bila kuinua macho, "Winfrida. Nataka kukuoa."

Kicheko kilimtoka kabla hajafikiri. Kilikuwa kirefu.

"Mahari utatoa spoki?"

Fidelis naye akacheka kidogo, akaendelea kupiga pampu. Wakarudi, yeye yuko mbele kwa mbali.

Alhamisi Fidelis alipita hotelini kukaza breki za baiskeli za wageni. Alipoondoka, daftari liliondoka naye. Saa saba wageni wanane wakafika, siku moja kabla ya ahadi, wanataka kuzunguka. Winfrida alitafuta kila mahali. Bi Ester, mwenye hoteli, hakusubiri. Aliwaelekeza mwenyewe kwa barabara kuu. Mzee mmoja kati yao alisukumwa na upepo wa lori hadi mtaroni. Alichubuka kiwiko tu.

"Wiki tatu nimekulipa utembee!" Bi Ester akasema mbele ya wote. "Daftari liko wapi?"

Simu ikaita wakati huo huo.

"Mtani, kitu chako ninacho. Njoo ukigomboe. Nimevaa shati safi leo, nina neno."

"Watu wamekaribia kufa hapa, Fidelis."

"Nini?"

"Baki nalo. Na utani wako baki nao."

Akaizima.

Baada ya siku nne daftari lilikutwa mapokezi. Ile nafasi nyeupe ilikuwa imejazwa kwa mwandiko mkubwa wa kalamu ya risasi. Winfrida akapanda baiskeli kwenda kuangalia. Mbigili zote zilikuwa zimefyekwa na kuchomwa, na kila hatua ishirini kulikuwa na jiwe lililopakwa chokaa. Alikwenda njia yote na kurudi bila pancha hata moja. Jioni akapiga simu mwenyewe.

"Njia nimeiona."

"Nisamehe. Nilitaka uje barazani kwangu, nikwambie tena lile neno."

"Lipi?"

"La kukuoa."

"Fidelis, mtani anaweza kufyeka miba. Mtani hata msibani analia huku anachekesha. Nitajuaje kama hutanii?"

Kwenye simu ikasikika spana ikiwekwa chini.

"Sawa," akasema. "Nimekuelewa."

Jumapili, saa tano, Winfrida alikuwa akifuta viti upande wa maji alipoona baiskeli inakuja kwenye njia ya mawe meupe, polepole. Fidelis alikuwa amesimama kwenye pedeli, jasho limemlowesha shati. Nyuma, kwenye keria, alikaa mzee mwenye koti jeusi, fimbo mapajani, ameshika kiti kwa mikono yote.

Mjomba wa Fidelis. Kaka wa mama, ndiye anayesema maneno ya ndoa, na hakuna Mluguru anayemtoa mjomba Matombo kwa mzaha.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Mzee Ezekiel alishuka kwa awamu. "Wewe ndiye unayesema huyu anatania?"

"Ni mimi."

"Nimekaa juu ya chuma tangu stendi ya mabasi ya Msamvu. Makalio yangu hayajaona utani wowote."

Bi Ester alicheka kule mapokezi. Winfrida alibana midomo; kicheko chake kilishamponza mara moja. Fidelis alikuwa akimtazama tu.

"Wajomba zako nao wanapatikana lini?" mzee akauliza.

"Jumamosi. Wote wawili." Alikikunja kitambaa cha kufutia viti. "Lakini mjomba, uje kwa gari."

Kisha akaishika ile baiskeli usukani, akaisukuma hadi stoo, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

"Mtani," Fidelis akasema, "nitarudi vipi mjini?"

"Kwa miguu. Utaigomboa Jumamosi."

Mzee alirudishwa stendi kwa bodaboda. Fidelis alitembea, akapita njia ndefu, ile ya mawe meupe, akipiga mluzi. Winfrida alisimama kumsikiliza hadi mluzi ukaishia kwenye mashamba ya mchicha, ndipo akacheka.