Fundo Lililosalia

Harufu ya farasi ilianzia jikoni, adhuhuri moja ya mwaka 2014, ghorofa ya tatu, mtaa wa Al-Murabba, Riyadh, mahali ambapo farasi angehitaji lifti ili afike. Fridah aliacha kukata vitunguu. Ilikuwa harufu ya jasho la mnyama, ngozi mbichi na chuma kilicholowa. Alichungulia chini ya sinki, akanusa kitambaa cha kudekia, akafungua hata friji, kisha akajionea haya, maana farasi gani huyo wa kujificha kwenye friji.

"Dada Flida," aliita Kusi kutoka sebuleni. "Huyu mjomba ana ndevu nyekundu."

Fridah alikwenda kuangalia. Alimkuta mtoto peke yake.

Kusi alikuwa na miaka minne, na Kiswahili chake chote alikuwa amekitoa kinywani mwa Fridah. Wazazi wake walikuwa Wainka. Wakala wa Nairobi aliyemtafutia Fridah kazi ya nyumbani kwao alikuwa amewasifu sana: hao ni watu waliomkatalia Mhispania, hawawezi kumnyanyasa mtu. Kisa chao kila mtoto wa shule alikijua. Wahispania mia moja sitini na wanane waliingia uwanja wa Kahamarka na farasi na bunduki, wakidhani watamteka mfalme. Milango ikafungwa nyuma yao, na hakutoka hata mmoja. Tangu siku hiyo Kusko haikutawaliwa na mgeni. Baba yake Kusi, Amaru, aliuza sufu ya kwao katika soko la Batha, na mkewe, Madam Chaska, alimketisha Fridah kwenye meza yao ya chakula, jambo ambalo wenzake waliposimuliwa walidhani anajigamba.

Mwiko wa nyumba ulikuwa mmoja tu. Ukutani ilitundikwa kamba nene yenye nyuzi nyingi zinazoning'inia, na kila uzi ulikuwa na mafundo yake, mia moja sitini na manane kwa jumla. Ilisomwa kwa vidole mara moja kwa mwaka, siku ya kumbukumbu.

"Hii mafi kuosha, mafi kugusa," madam alikuwa amemwambia, mafi ikiwa ndiyo hapana ya Kiarabu chao cha nyumbani, asieleze zaidi.

Lakini wiki iliyotangulia Kusi alikuwa ameirushia kamba ile kikombe cha maziwa, na maziwa katika joto la Riyadh yananuka kabla hujageuka. Fridah alilelewa Nkubu na mama aliyeona uchafu ni dhambi ya nane. Aliuloweka uzi uliochafuka kwa sabuni ya unga, akausuuza, akauanika kwenye roshani. Ulipokauka, fundo moja lilikuwa limefunguka. Akachungulia mlangoni kama madam amerudi. Akalifunga upya kwa fundo pekee alilolijua, lile la kumalizia msuko wa nywele, akalikaza kwa uzi mwekundu aliouchomoa kichwani kwa Kusi, kisha akaurudisha ukutani bila kumwambia mtu. Angesema, angerudishwa kwa ofisi iliyomleta, na wasichana waliorudishwa huko hawakuwa na mazuri ya kusimulia.

Tangu siku hiyo ya harufu, kila adhuhuri kwato ziligonga juu ya dari, kwenye matangi ya maji. Zilikwenda na kurudi, mnyama mmoja tu, kama anayesubiri wenzake.

"Anasema wenzake hawapumui," Kusi alisema siku moja, akichezea kijiko. "Anataka tuwafungulie."

"Usimjibu," Fridah alinong'ona. "Ukimwona, kimbia uje kwangu. Umeskia?"

"Anasema wewe ni lafiki yake. Wewe ndiye ulimfungua."

Fridah alimbeba, akamtoa chumbani. Aliapa kukiri jioni ile ile. Lakini jioni madam alirudi na furaha na masanduku, akasema waanze kufungasha, kwani siku ya kumbukumbu ingefanyika Jeddah pamoja na Wainka wengine wa bandarini. Fridah akaanza kukunja nguo za Kusi bila kukiri.

Jeddah walikodi nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe huko Balad, na madam akaitundika kamba juu ya kitanda cha mtoto. Siku ya tatu Kusi alishikwa na homa, na ya nne akatokwa na malengelenge usoni, viganjani, hadi ndani ya midomo. Daktari aliyeitwa alimtazama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hii ni ndui," alisema kwa sauti ya chini. "Na ndui ilikwisha duniani kabla sijazaliwa."

Wazazi walitoka mbio na daktari kwenda kutafuta chumba cha kumtenga hospitalini. Fridah akabaki na mtoto. Jua lilikuwa la utosi, na kwato zilikuwa tayari darini. Aliomba Zaburi zote alizozikumbuka, na zilipomwishia akakimbilia chini kwa Bi Mwanakhamis, mama wa Kizanzibari ambaye wazazi wake walihamia Jeddah mwaka wa sitini na nne, na ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kisomo chake.

Bi Mwanakhamis alipanda na chetezo cha ubani. Kabla hajafika kitandani, macho yake yaligonga ile kamba.

"Vifundo! Mwanangu, mwalaza mtoto chini ya vifundo? Sisi tumeamrishwa tujikinge na shari ya wanaopuliza mafundoni. Huu ni uchawi wa wazi. Nambie kweli, kuna mtu alokigusa kitu hichi?"

Hapo ndipo Fridah angeokoka. Bibi yule hakuwa madam, hakuwa na ofisi ya kumrudisha. Lakini woga ukishazoea kukaa hauhami kwa siku moja.

"Hakuna, bi."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, ila hawakusema kifo cha nani.

"Basi tufungue kimoja kimoja. Mie nisome, nawe omba kwa dini yako. Hala hala, usiruke hata kimoja."

Wakaanza. Fundo la kwanza lilipolegea, lengelenge moja lilinywea shavuni kwa Kusi. Fridah alilia kwa furaha. Wakafungua la pili, la kumi, la hamsini, kucha zikivunjika, bibi akisoma na yeye akiomba, na kila fundo lilipoachia homa ilishuka na harufu ya farasi ikapanda, ikajaa chumba ukashindwa hata ubani, na darini zikaongezeka kwato juu ya kwato hadi vumbi la chokaa likawadondokea mabegani, na Fridah akajua, alijua kabisa, kwamba kuna kitu hakiendi sawa, lakini uso wa mtoto ulikuwa unatakata mbele ya macho yake na ni mama gani, hata wa kuajiriwa, angeweza kuacha hapo. Aliliruka moja tu, lile lenye uzi mwekundu, kwa kuwa hilo lilikuwa lake.

Fundo la mwisho likafunguka. Kwato zote zikateremka ngazi kwa kishindo, zikapita uchochoroni, zikapotelea upande wa bahari.

"Halas, mwanangu, yamekwisha," alisema Bi Mwanakhamis.

Fridah aligeuka amkumbatie Kusi. Shuka lilikuwa limetandikwa sawasawa, na lilikuwa baridi.

"Mtoto! Bi, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?" Bibi alimshika paji la uso. "Si umeniita nikusomee weye, kichwa chakuuma?"

Mlango ulifunguka. Madam aliingia akitweta kwa ngazi, na shingoni, kwenye uwazi wa abaya, mkufu wa msalaba ulimetameta. Akasema jambo kwa Kihispania. Fridah hakuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la lugha hiyo.

"Madam Chaska, Kusi ameenda!"

"Chaska ni nani? Mimi ni Teresa, Fridah." Alimtazama kwa huzuni. "Na mtoto... unajua vizuri Mungu hakunijalia mtoto."

Wewe unayesoma utasema ulifundishwa shuleni kwamba Wahispania walishinda Kahamarka, na kwamba ndui iliwamaliza wenyeji, vizazi kwa vizazi. Ndivyo anavyoambiwa Fridah pia. Vitabu vyote vinasema hivyo sasa. Hakuna anayekumbuka vingine ila yeye, na amechoka kuitwa mwendawazimu.

Wamerudi Al-Murabba. Chini ya mto wake ameficha uzi mmoja wenye fundo la msuko na kipande chekundu. Kila adhuhuri, madam akilala, fundo huita kwa sauti ndogo.

"Dada Flida. Nifungulie. Sipumui."

Sauti ni ya Kusi, tena Kusi mwenyewe, na jikoni hunuka farasi. Fridah huchomeka ukucha katikati ya fundo, kisha huutoa. Hajui alimfunga nani humo, Kusi au yule mwenye ndevu nyekundu.

Jana alililegeza kidogo.