Sahani Kwenye Bango

Mapenzi mengine huanza kanisani, mengine harusini kwa watu. Haya yalianza kwenye foleni ya choo cha soko la Wote, na msomaji anayeona haya na afumbe jicho moja, maana hakuna pengine pa kuanzia.

Ilikuwa siku ya soko na jua lilikuwa kali. Nthenya alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa gauni la kitenge cha manjano, nywele zimesukwa mistari myembamba hadi mgongoni. Nyuma yake wanawake wenye vikapu vya maembe walilalamikia joto. Kijana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye shati la kaki na mkoba mweusi begani, aliwapita wote akaja kusimama mbele yake.

"Dada, samahani. Niachie nafasi yako."

"Na sisi tumekuja hapa kupiga picha?"

"Tafadhali. Siwezi kueleza."

Jasho lilikuwa limemjaa usoni na midomo ilikuwa mikavu. Nthenya si mtu wa kumpisha mtu, lakini siku hiyo alipisha. Alipotoka baadaye alimkuta anamngoja kando ya duka la viatu, ameshika chupa ya maji baridi.

"Hii ni yako. Najua nimekuaibisha."

"Aibu ni yako. Mimi nilikuwa nimesimama tu."

Kijana akacheka, na alipocheka Nthenya aliona kuwa ni mzuri. Aliitwa Kahiga. Alikuwa akiuza matangi ya maji na mabomba Malili, kando ya barabara kuu, mahali baba yake alipohamia zamani kutoka Murang'a. Nthenya akamwambia yeye alikuwa mchoraji katika duka la kuchapisha hapo mjini: kadi za harusi, ratiba za mazishi, mabango.

"Kumbe wewe ndio unajua nani ameolewa na nani ameenda," Kahiga alisema.

"Na nani ameruka foleni."

Walipeana namba. Kuanzia siku hiyo watu wa Wote walionunua matangi Malili waliletewa na mwenye duka mwenyewe, hata tangi likiwa dogo la kubebwa na bodaboda.

Jioni simu ilikuwa haikauki.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai si chakula, Kahiga."

"Ukiniita hivyo naskia kama niko darasani. Niite ile ingine."

"Mwendwa."

Neno hilo la mpenzi Wakamba wanalo na Wakikuyu wanalo, na wawili hawa walilitumia mpaka likalainika.

Lakini moyo wa Nthenya haukutulia. Kahiga alikuwa na mambo. Hoteli ilikuwa lazima iwe ile ile moja, na meza ile ile ya nyuma karibu na mlango. Katikati ya maneno matamu aliinuka akatoka, akarudi uso umebadilika. Mkoba wake mweusi hakuuacha hata kwenye kiti cha pili. Siku moja zipu ilibaki wazi, na Nthenya akaona suruali, chupi na kipande cha sabuni.

"Hii suruali ni ya kulala wapi?"

"Ni ya kazi. Mabomba yanachafua."

Nthenya alisema sawa. Mdomo ndio uliosema, kwa sababu usiku mzima alijigeuza kitandani akiwaza mwanamke wa huko Emali au Sultan Hamud anayefua suruali hiyo.

Wiki hiyo hiyo alipata kazi mpya. Yvonne, muuguzi aliyeongoza kikundi cha wagonjwa wa uvimbe wa utumbo, alitaka bango la kubandikwa masokoni. Alimweleza kwa haraka kwamba ni ugonjwa wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda ndani, wa mwaka hadi mwaka, na watu wengi hutibiwa amiba na typhoid bila kujulikana wanaumwa nini. Nthenya hakuwahi kuusikia. Alichojua ni kwamba bango lisilochekesha halisomwi. Akachora mwanamume aliyetoa macho, anakimbia huku ameshika makalio, na juu yake akaandika: Tumbo likikukimbiza, kimbilia daktari. Muli, mwenzake wa dukani, alicheka mpaka akafuta machozi.

Mchana huo Kahiga alikuwa ametoka Malili na neno moja moyoni. Njia nzima alikuwa akilijaribu kwa sauti peke yake garini: Nthenya, mimi ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ni huu. Aliingia dukani kabla ujasiri haujamtoka.

"Umekuja saa nzuri," Nthenya alisema, akimgeuzia skrini. "Ona, mwendwa. Si inachekesha?"

Kahiga alimtazama yule mtu wa kwenye skrini kwa muda mrefu. Muli alikuwa bado anacheka.

"Inachekesha," alisema, na lile neno akalimeza.

Mimi simlaumu. Wengi wetu tungelimeza. Ubaya ni kwamba Jumamosi iliyofuata alikuwa ameahidi kwenda Tawa kuonana na mama.

Mama Kasyoki, mama yake Nthenya, alikuwa mjane aliyeuza ndengu na maharagwe katika soko la Tawa. Alikuwa amefagia uwanja, amechinja jogoo, na amepika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ambayo Mkamba humpa mtu anayemheshimu. Alimpakulia mgeni katika sahani yake ya bati yenye ukingo wa bluu, iliyobanduka rangi upande mmoja, sahani aliyokuwa akilia marehemu mume wake.

Ugonjwa wa Kahiga ulikuwa umeamka tangu alfajiri. Angeahirisha safari, lakini kuahirisha siku ya kwanza kwa mama mkwe ni kumwambia kwamba binti yake humtaki. Akaja, amevaa shati jeupe, mshipi umevutwa hadi tundu la mwisho. Alimsalimu mama kwa Kikamba cha kuungaunga, mama akafurahi. Kisha sahani ikatua mbele yake.

"Asante, mama. Nimeshiba."

Hakuna mtu anayefika ukweni ameshiba.

"Onja tu kidogo," Nthenya alinong'ona.

"Siwezi."

Sasa, kuna neno bovu linalosemwa juu ya Wakamba, na kila Mkamba amelisikia: kwamba ukila kwao utarogwa. Ni upuzi mtupu, lakini upuzi ukisemwa miaka mingi huuma kama ukweli. Mama Kasyoki alipokuwa msichana wa kazi huko Thika, mwajiri wake alimruhusu kufua na kubeba mtoto, lakini jikoni hakumruhusu kushika sufuria. Hilo hakuwahi kumsimulia Nthenya zaidi ya mara moja.

Mama alivuta kiti karibu. Akachukua kijiko, akachota kutoka katikati ya sahani ya mgeni, akala. Alikula polepole, akimwangalia machoni, kama wazee wanavyoonja pombe kabla ya kumpa mgeni ili ajue ni salama.

"Umeona? Nimeonja mimi mwenyewe. Sasa kula."

Kahiga alishika kijiko. Alikiinua, akakirudisha.

"Mama, si hivyo unavyofikiria. Siwezi."

"Huwezi cha Mkamba." Mama aliinuka na sahani mikononi. "Nilidhani hiyo maneno iliisha na watu wa zamani."

Sahani ikarudi jikoni imejaa. Kahiga, uso umepauka, aliuliza choo kiko wapi, na swali hilo, saa hiyo, lilikuwa kama kumwaga chumvi kwenye kidonda. Nthenya alimfuata hadi kwenye pikapu.

"Sema kitu, Kahiga. Unaogopa mama yangu?"

"Nitakwambia. Si hapa."

"Ni hapa."

Aliangalia jikoni, akaangalia choo, akamwangalia msichana aliyempenda. Aliona tena yule mtu wa skrini ameshika makalio.

"Nipe siku kidogo, mwendwa."

"Chukua zote," Nthenya alisema.

Siku za kwanza Kahiga alipiga simu na Nthenya hakushika. Baadaye Nthenya alianza kuiangalia simu kila wakati, lakini haikulia. Hasira yake ilikuwa inapungua, na chini yake akakuta hofu asiyoijua jina. Usiku alisoma jumbe za zamani. Umekula? Nimekula. Umekula nini? Chai.

Yvonne alipokuja kuona bango hakucheka hata kidogo.

"Huyu mtu mtoe."

"Lakini watu wataicheka, wataikumbuka."

"Wataicheka, na yule anaumwa atasimama hapo acheke na wao, halafu aende ajifiche. Nthenya, unajua watu wangu wanaishi aje? Mtu akiingia mjini, kitu ya kwanza anatafuta ni choo iko wapi. Hotelini anakaa karibu na mlango. Anabeba nguo ingine kwa begi, kwa sababu kuna siku hatafika. Anaenda kwa watu wakati ugonjwa imeamka, anapewa muthokoi, na akikula atalala hospitali. So anasema ameshiba. Wanasema ana maringo."

Nthenya aliinuka kwenye kiti.

"Na kama imeamka na hajaenda hospitali?"

"Utumbo inaweza kufunga. Ama itoboke. Kwa nini?"

Nthenya alikuwa tayari ameweka simu sikioni. Mteja hapatikani. Alipiga tena, mteja hapatikani. Hakukumbuka kufunga kompyuta, na Muli alipomwita alikuwa ameshafika barabarani.

Kule Malili duka la matangi lilikuwa limefungwa, na vumbi la malori lilikuwa limetanda kwenye mlango. Njia nzima alikuwa ameomba Mungu, na sasa alikosa hata maneno ya kuomba. Alizunguka nyuma kwenye nyumba, akagonga. Alifungua Wangechi, dada yake Kahiga, macho mekundu kwa kukesha.

"Wewe ndio Nthenya? Afadhali umekuja. Anasema ni typhoid tu. Hospitali hataki kusikia."

Kahiga alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa, kando yake jagi la maji ya chumvi na sukari. Mshipi ulikuwa umening'inia kwenye kiti na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari. Alipomwona Nthenya alijaribu kuinuka.

"Usiamke. Ni utumbo, sindio?"

Aligeukia ukuta.

"Kahiga, ni utumbo?"

"Ni utumbo. Inaitwa Crohn's. Miaka nne sasa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kukwambia." Alifumba macho. "Nikapata mnacheka."

Nthenya alilia hapo hapo mbele ya Wangechi, bila kujificha. Kisha akafuta uso kwa pindo la gauni.

"Nimekukosea, na nitakuomba msamaha vizuri. Lakini si leo. Leo unaamka twende hospitali."

"Nitakuchafulia gari."

"Gari ni yako. Na suruali ingine uko nayo."

Kahiga alicheka, akashika tumbo kwa maumivu, na Wangechi akachukua ufunguo wa pikapu.

Hospitalini walimtundikia dripu wakampeleka kupigwa picha, na wale wanawake wawili wakakaa kwenye benchi. Kila mlango ukifunguliwa Nthenya alisimama. Mwisho daktari akatoka. Utumbo ulikuwa umebana lakini haukuwa umefunga, akasema. Dawa zingeanza leo, na kama wangechelewa kidogo angekuwa anawaambia mengine. Nthenya akaketi tena.

Nguvu zilipoanza kumrudia, Kahiga ndiye aliyeuliza.

"Ile bango yako iliisha?"

"Nimeitoa. Wewe ungeweka nini?"

Alifikiri huku akiangalia dripu inavyodondoka.

"Sahani. Imejaa. Na kiti haina mtu."

"Na maneno?"

"Hakudharau chakula chako. Anaumwa utumbo."

Nthenya aliichora pale pale, akiwa ameketi kwenye kiti cha wageni. Sahani aliyoijua tangu utotoni haikuhitaji afikiri: ukingo wa bluu, pale rangi ilipobanduka, muthokoi umejaa hadi juu. Chini akaongeza: Si uchawi. Hauambukizi. Unatibika ukijulikana mapema. Kisha namba ya Yvonne.

"'Unatibika' weka vizuri," Yvonne alisema alipoiona. "Hauponi kabisa. Sema una dawa." Nthenya akarekebisha, na Muli, safari hii bila kucheka, akayabandika mabango kutoka Wote hadi Tawa.

Mama Kasyoki alikuwa hajaambiwa lolote. Tangu ile Jumamosi, jina la Kahiga likitajwa kwenye simu alikuwa akikata. Asubuhi hiyo alipofika sokoni na gunia la ndengu alikuta bango kwenye ukuta ulio mbele ya meza yake, na kwenye bango akaiona sahani yake. Alisoma. Akarudi nyuma hatua chache, akasoma tena. Mteja alimwita mara mbili, hakuitika.

Siku mbili baadaye aliingia kwenye duka la kuchapisha, amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe kichwani, thermos kwapani. Kahiga alikuwa pale, bado mwembamba lakini amesimama. Alipomwona mama alirudi nyuma mpaka akagonga mashine.

"Hiyo ni sahani yangu umeweka ukutani," mama alimwambia binti yake.

"Ndiyo, mwaitu," Nthenya alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Ungeniambia. Ningekupatia ile mpya."

Akaketi. Alifungua thermos, akamimina uji wa wimbi kwenye kikombe, mwepesi, unatoa mvuke. Hakumwangalia Kahiga.

"Nimeuliza yule muuguzi kwa ile namba. Nimechuja mara mbili."

Kisha, kwa mazoea ya zamani na kwa kidonda cha juzi, alikipeleka kikombe mdomoni mwake ili aonje kwanza. Kahiga akanyoosha mkono, akaushika mkono wa mama kwa upole kabla haujafika.

"Usionje, mama. Nipatie tu."

Mama alimwangalia. Kisha akaachilia kikombe. Kahiga akanywa hadi chini, na Muli akaizima mashine. Nthenya aliangalia uso wa Kahiga, akaangalia mkoba mweusi, akaangalia mlango wa nyuma kama uko wazi. Ulikuwa wazi. Kahiga alikaa pale pale.

Mama Kasyoki akafunika thermos, akajifuta macho kwa kona ya kitambaa.

"Sasa mtaleta lini mbuzi za mahari?" aliuliza. "Nyama tutakula sisi. Wewe nitakuchujia supu."